Rhobi, Majibu Yametoka

Umetimia mwaka, mpendwa wetu Rhobi, tangu ugonjwa wa figo ukushinde nguvu ukatuacha, nasi tukakurudisha kijijini Bukima kukulaza jirani na baba yako.

Nyumba yenu ya Makoko imekuwa kubwa mno bila wewe. Uliandika tarehe kwenye kila kitu kana kwamba uko maabara: mkebe wa chumvi, chupa ya asali, hata mfuko wa dagaa. Mumeo Mugeta alikuwa akikucheka. Sasa hathubutu kufuta hata moja.

Uliposema unasomea jeni za mnyoo wa kichocho, mama yako Wankyo hakuelewa. Ukamweleza mkimenya mihogo: “Mama, jeni zake hazifanyi kazi zote kwa pamoja. Akiwa ndani ya konokono zinaamka hizi. Akitoboa ngozi ya mtu, hizo zinalala, zinaamka zingine. Nazitafuta zile zinazoamka mwanzo kabisa, ili siku moja dawa imuwahi.”

Hatujasahau ulipokuja kupima watu Bukima wakagoma, wakinong'ona kwamba choo chao kitapelekwa kwa waganga wa kienyeji. Ulisimama na vikopo vyako, machozi yakikulengalenga. Mama akapita mbele ya watu wote, akachukua kikopo.

“Nimemzaa mimi,” akasema. “Huyu hadanganyagi.”

Alikutwa na kichocho, ukampa dawa kwa mkono wako mwenyewe. Kesho yake watu walipanga foleni kabla hujafika.

Ulipougua, kazi ilibaki nusu. Mwenzako wa maabara, Prosper, aliimalizia. Mwezi uliopita alikuja Bukima na karatasi mkononi, akatuambia kwamba jeni ulizozishuku ndizo hasa zinazoamka mnyoo anapoingia mwilini. Dawa bado iko mbali, alisema, ila aliyefungua njia ni wewe.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Na Rhobi ameshaambiwa?”

Prosper akainamisha kichwa.

Jumapili, baada ya ibada, mama alikwenda kaburini na mwanao Grace. Akaketi chini, akakusimulia yote kwa lugha ya nyumbani. Alipokosea, Grace alimsahihisha, wakaanza upya. Walipomaliza hawakuinuka. Walibaki pale, wakingoja uulize swali, kama ulivyozoea.

Unakumbukwa na mumeo Mugeta, mwanao Grace, mama yako Wankyo, kaka yako Lameck wa Bunda, shangazi yako Boke wa Butiama, na ukoo mzima.

Hatutaacha kukukumbuka, Rhobi, siku zote za maisha yetu.