Shangazi, Leo Wamelalamika Jikoni

Shangazi Skola,

Shikamoo, huko uliko. Najua hukuwa mtu wa barua. Mwenye neno, ulikuwa unasema, alete mdomo wake hapa moto unapowaka. Lakini sina namna nyingine ya kukufikia, na habari niliyonayo leo siwezi kulala nayo. Nimekaa kwenye benchi lako la jikoni, mikono bado inanuka samaki, naandika haraka nisije nikasahau kitu. Sikuambii mwisho kwanza, maana nakujua, utanikatiza.

Unakumbuka sheria yako ya mlango wa nyuma? Mteja asiyependa chakula hakuruhusiwa kulalamika mezani, wala kwenda kukusema kwa waendesha bodaboda. Alipita mlango wa nyuma na sahani yake mkononi, anakuja kukwambia usoni. Na wewe bila kununa unamkabidhi mwiko. "Haya, songa mwenyewe tuone." Yule dereva wa Mbinga aliyedai ugali wako mlaini, si ulimsogezea sufuria? Alisonga hadi shati likalowa, ugali ukatoka madonge matupu, na watu wa meza zote wakaacha kula wakamcheka. Tangu siku hiyo kila akishuka ziwani alileta abiria wake hapa. Na nesi aliyesema mbasa hajaiva karibu na mfupa, ulionja, ukasema "kweli kabisa," ukamrudisha samaki motoni, na yeye ukampa kichwa cha kusubiria. Mtu wa kukulalamikia hukumwogopa. Uliyemwogopa ni yule anayeshukuru, ananawa, anaondoka na sahani kaiacha nusu.

Na zaidi ya wote, Mzee Kanisius. Bado ana cherehani yake kwenye baraza la ng'ambo ya barabara, futi shingoni kama kawaida. Mtu wa Mkumbi, amekulia kwenye kahawa na mahindi, akashuka Lundo kuoa na hakupanda tena, hata baada ya mkewe kufariki. Masufuria yako ya ugali yalikuwa mawili, mahindi kwa wageni wa juu, muhogo kwetu sisi wa ziwani, na yeye ulimpakulia muhogo toka siku ya kwanza. "Umeoa huku, utakula cha huku." Kila mchana aliingia na wimbo uleule: "Skola, huu ugali ni wa kula au wa kukandika nyumba?" Na wewe hata hugeuki: "Kandika tumbo lako kwanza, likivuja uniambie." Anajiongezea chumvi, anakoroga mchuzi wako bila ruhusa, anamaliza sahani nzima. Nilipokuja kukusaidia baada ya kumaliza shule nilidhani mnachukiana. Kumbe ningejua nini mimi.

Basi tulipokuzika nikaifungua tena hoteli yako. Watu walikuja, siwezi kusema uongo. Wote wakasema, "Asante, dada, chakula kizuri." Sahani zikarudi nusu. Maneno yenyewe nikawa nayasikia kwa wauza samaki asubuhi: mchuzi wa siku hizi mwepesi kama maji ya kunawa, mbasa anakaushwa mpaka anakuwa kuni. Walimu wa sekondari nao wakasema wali wangu unaushinda wako (usinune, ndivyo walivyosema). Nishike lipi? Hakuna hata mmoja aliyepita mlango wa nyuma. Walikuwa wananihurumia, Shangazi. Mfiwa halalamikiwi.

Aliyeniumiza ni Mzee Kanisius. Anakuja mchana, anakula kidogo, anasema, "Asante, mwanangu, nimeshiba," anavuka barabara. Kwa adabu kabisa, kama yuko msibani. Siku ya kwanza nilipomsikia nilijifanya napuliza moto ili nipate sababu ya machozi.

Kaka Damas, mwanao, akaona yote hayo. Hakuwa mkali. Alisema kuna kijana anataka chumba hiki auze simu na chaja, na kwamba atamwambia asubiri mpaka msimu wa kahawa, kwa sababu watu wa juu wakishauza kahawa hushuka Jumapili kula samaki. "Kama hata hao hawatarudi, dada, tufunge kwa heshima, tusimwaibishe mama." Nikakubali.

Sasa sikia ya leo.

Msimu wa kahawa ndio huu, na kwaya kutoka Mkumbi ilikuja kuimba misa hapa kwetu, na mwalimu wao alikuwa ameagiza chakula mapema. Gari zima. Kwenye meza za nje walikuwa wavuvi wetu, na Mzee Kanisius peke yake kwenye kona yake. Damas kasimama mlangoni, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani. Nikapika kwa roho yangu yote. Ila nilikuwa nimenunua hotipoti mpya, zote za rangi moja, nikaona kile kitambaa chako chekundu cha kufunikia muhogo ni cha kizamani, nikakitupa kando. Unaona ninakoelekea? Nimepeleka muhogo kwa kwaya, mahindi kwa wavuvi.

Nikachungulia. Wanakwaya wanavuta ugali, unanyooka, wanatazamana. Wavuvi wanafinyanga ugali wa sembe, wanaugeuza kiganjani kama wanautafutia mlango. Na hakuna aliyefungua mdomo. Watu wanameza kwa huruma. Nikamwona Damas anatazama chini, nikajua ndiyo basi. Nilivua aproni kabisa.

Ndipo mlango wa nyuma ukasukumwa. Mzee Kanisius, na sahani mkononi.

"Mtoto wewe," akasema, na sauti ilikuwa ya juu, wote wamesikia. "Shangazi yako kanilisha muhogo kwa nguvu miaka yote hiyo, leo unanipa mahindi kama mgeni? Mimi ni mgeni hapa? Halafu mchuzi hauna chumvi."

Akapitisha mkono juu ya kichwa changu, akautungua mwiko wako. Ule ule, Shangazi. Ulikuwa umening'inia pale tangu msiba, mimi natumia mwingine, sikuthubutu kuugusa. Akauchovya kwenye mchuzi, akaonja, akakunja uso vizuri kabisa kama zamani.

Nilitaka kumkumbatia na chumvi yake.

Basi ikawa kama mtu kafungulia maji. Mama mmoja wa kwaya akaja na sahani: "Kama huku ndiko kwa kusemea, na mimi ninalo." Akafuata mvuvi, akasema mbasa mkavu mno. Mwingine nyuma yake akasema hapana, mbasa yuko sawa, pilipili ndiyo imelala. Mwalimu wa kwaya akauliza kwa upole kama kuna ugali usiovutika. Mlango wa nyuma ulijaa mpaka moshi ukakosa pa kutokea. Nikagawa miiko, nikagawa chumvi. Hotipoti zikavushwa kutoka meza hadi meza, na kuna soprano mmoja aliyekatalia muhogo kwamba umemnogea, hauachi. Damas naye akashikishwa mwiko na yule mama wa kwaya, akasonga na suruali yake ya misa, na madonge yake, Shangazi, yanamzidi dereva wa Mbinga.

Walipoondoka hakuna sahani iliyorudi na kitu. Nilimsikia Damas nje, simu sikioni: "Ndugu yangu, tafuta chumba kingine. Hiki kina watu." Alirudi akaokota kitambaa chako chekundu nyuma ya debe la mkaa, akakianika.

Mzee Kanisius alibaki jikoni, anakula muhogo wake kwa kusimama. Alipofika katikati ya sahani akanyanyua tonge akalitazama. Nikaona anasita. Kisha akasema, taratibu, bila kunitazama: "Huu ugali ni wa kula au wa kukandika nyumba?"

Nilikuwa nimempa mgongo, naosha sufuria. Sikugeuka. "Kandika tumbo lako kwanza," nikamwambia, "likivuja uniambie."

Alicheka, Shangazi, akacheka mpaka akajifuta macho na lile futi la shingoni. Akamaliza sahani, akautundika mwiko mahali pake, akavuka barabara bila kusema asante.

Lala salama. Mchuzi ulikosa chumvi kweli, nimeonja.

Mtoto wa kaka yako,
jikoni kwako, Lundo