Sahihi Mbili kwenye Kifurushi cha Saa

Jumatatu, 3 Machi
"Linux ni mtoto wa jirani: kila mtu anambeba, hakuna anayemwogesha." Bwana Tai huyo, mwandishi wa safu, gazetini leo. Upuuzi! Nimemjibu kurasa mbili. Mfumo wetu huu wa kompyuta haujiotei kama magugu. Kila kifurushi, yaani kila kipande cha programu, kina mtunzaji. Kila badiliko husomwa na watu wawili, wakatia sahihi, ndipo likaingia. Mmoja wao ni mimi, mwaka wa kumi na moja huu. Na ajibu hilo!

Jumanne, 4 Machi
Kajibu. Ananitaka niwaonyeshe wasomaji badiliko moja tu, tangu kuandikwa hadi sahihi. Rahisi! Nikachagua kifurushi cha saa, kile kinachozifanya kompyuta zote zikubaliane ni saa ngapi. Badiliko la Januari. Sahihi yangu ipo.
Nimelifungua. Mistari arobaini. Sikumbuki hata mmoja.
Sikuisoma! Niliona sahihi ya Mzee Ndevu, msomaji mwenzangu, nikajua yule hapitwi na kitu, nikaweka yangu.

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia Mzee Ndevu. "Eh, dada mkali! Leo unamchinja nani?" Nikamuuliza kama aliisoma mistari ile. Akajibu kwa sauti ndogo: alijua mimi nitaisoma baada yake. "Wewe hata koma humsamehei mtu."
Aliyeleta badiliko hajibu barua. Nimemwaga chai kwenye kibodi.

Alhamisi, 6 Machi
Mimi na Mzee Ndevu tumeelewa mistari thelathini na minne. Sita bado. Tumejaribu kwenye kompyuta tano: nne salama. Saa ya ile ya tano imerudi nyuma kwa muda wa saa sita, kimya kimya, bila onyo lolote.
Toleo jipya linatoka Jumamosi.
Mchana kapiga simu mdogo wangu, muuguzi wa wodi ya watoto. Kompyuta zao zinapata mfumo wetu Jumamosi hiyohiyo. Saa za dozi zitakuwa kwenye skrini, makaratasi wanatupa! "Nimewatambia, dada yangu ndiye fundi wake." Nikacheka naye. Nikacheka! Sikumwambia kitu.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nimempigia. Nimemwambia yote. Makaratasi asiyatupe. Kasema uamuzi si wake, ni wa wakubwa. Hakutania tena.
Mzee Ndevu ananisihi tuandike "hitilafu ndogo", sahihi tusizitaje. Hapana! Wakisoma "ndogo" watalitoa toleo tu. Bwana Tai atacheka mwaka mzima — acheke.
Saa nne nimewaandikia watatu wenye ufunguo wa toleo, ambao bila wao halitoki. Nimekiri kila kitu.
Saa nane kajibu mmoja: "Dada, kifurushi hicho si kina sahihi yako? Basi tunakuamini. Kesho kama kawaida."
Naandika tena, hapahapa kwanza, nisikosee neno:
Ninyi watatu, msiniamini. Sikusoma. Mzee Ndevu hakusoma. Fungueni mistari ile sita sasa hivi, kila mmoja peke yake, asimuulize mwenzake, mniambie inafanya nini. Mpaka hapo, ufunguo usiguswe.