Neno Nililomtia Maman Sifa Kinywani

Saint-Josse, Brussels
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mdogo wangu Asha ameniambia kwamba umekataa fimbo kwa kuwa fimbo ni ya wazee. Baba, una miaka sabini na sita. Hao wazee unaowasubiri wako wapi? Ichukue, unipunguzie mawazo. Na Mama je, presha imeshuka? Nauliza kwa barua ingawa simu ipo, maana kwenye simu nyinyi wawili mtasema hamjambo hata paa likiwaka moto.

Mimi ni mzima. Chumba ni kilekile, juu ya duka la mikate la yule Mturuki, na mvua ya hapa bado hainyeshi kwa nguvu wala haikomi. Lakini nina habari ambayo sikutaka kuisema kwa simu. Kwa simu ungenikatiza katikati ili unisahihishe, nami nataka uisome mpaka mwisho kwanza, ndipo ukasirike ukitaka.

Uliniuliza mara mbili yule mama wa Kikanada ninayemfanyia kazi ni mtu wa namna gani. Bi. Lorraine ana miaka sabini na moja, na tukitembea huniacha nyuma. Alizaliwa mji wa bandari, baba yake akifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Alianza kwa kushika maikrofoni ya wengine, kisha akatengeneza filamu zake mwenyewe, zile za watu wa kweli na si maigizo: wanawake wa kiwanda kile cha samaki, wauguzi, madereva wanaofagia theluji barabarani. Filamu ya kwanza ilimchukua miaka minne, na anasema miwili kati ya hiyo ilikuwa kunywa chai na watu bila kamera.

Siku moja mpiga picha wake alianguka kutoka paani wakiwa kazini, akavunjika mgongo. Kampuni ikasema huyo ni kibarua tu, haimjui. Bi. Lorraine akaweka kamera kabatini, akaanza kuwakusanya mafundi wa filamu mmoja mmoja, na wakamchagua kuongoza chama chao. Alikiongoza miaka kumi na moja. Alitukanwa magazetini, akashindwa uchaguzi mmoja, akarudi, akashinda. Halafu akaacha uongozi na kuitoa kamera kabatini, nywele zikiwa zimeshakuwa nyeupe. Mpaka leo ana sharti moja ambalo halivunji: anayeonekana kwenye filamu huiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Tajiri husubiri, televisheni husubiri.

Hapa Brussels anatengeneza filamu juu ya wanawake wanaotunza wazee kwenye nyumba za wazee. Wengi ni Wakongo kutoka Kivu. Aliwaomba waseme kwa lugha wanayoiota ndotoni, wakasema Kiswahili, nami nikaajiriwa kuyageuza maneno yao yawe Kiingereza, kisha mtu mwingine aandike Kifaransa kutoka kwenye Kiingereza changu. Baba, nilijiona nimefika. Nani angenishinda kwa Kiswahili mji huu? Mimi, mtoto wa Mwalimu Ramadhani, niliyeshinda njaa siku nzima kwa sababu nilisema "maembe yameisha yote" badala ya kusema yamekwisha! (Naam, nimetia chumvi. Ulininyima chai tu.)

Nilipewa watu wanane na siku tatu. Wa tano alikuwa Maman Sifa, mama wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa muuguzi Bukavu kabla ya vita kumfukuza. Nilimsikiliza kwa vipokea sauti, nikiwa sijawahi kumwona. Anaeleza habari za nyumba ya wazee aliyoifanyia kazi, kisha anasema: "Miye balinitosha, juu ya syndicat." Syndicat ni chama cha wafanyakazi. Nikatabasamu kwa zile b zake zinazokaa mahali pa w, nikaandika bila kusita kwamba waajiri wale walimtosha, kuliko chama. Yaani hakuwa na haja ya chama. Nikaendelea na mtu wa sita.

Wiki ile Bi. Lorraine alikuwa Kanada kumzika dada yake. Mwenye kampuni ya filamu, Bwana Didier, akalipenda sana jambo lile, mfanyakazi anayesema hataki chama. Alikata kipande hicho cha dakika moja akakiweka kwenye mtandao ili kuitangaza filamu. Sharti la Bi. Lorraine alilijua vizuri. Alidhani kipande kidogo hakihesabiki.

Bi. Lorraine aliporudi, tukawaalika wale wanawake Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mdogo juu ya saluni, karibu na Porte de Namur. Walikuja na vitenge vyao, na pondu, kisamvu chao, na ndizi za kukaanga, kelele mpaka raha. Filamu ikaanza. Ilipofika zamu ya Maman Sifa, akasoma Kifaransa kilichoandikwa chini ya uso wake mwenyewe, akasimama.

"Simamisha! Simamisha ile mashini!"

"Maman, kuko nini?" jirani yake aliuliza.

"Soma pale! Banaandika eti nilikuwa content, na furaha. Eti miye sikuwa na lazima ya syndicat. Mudomo ni yangu, lakini maneno ni ya nani?"

Taa zikawashwa. Bi. Lorraine akanigeukia, na wote wakanigeukia. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la pili.

"Ni mimi niliyetafsiri, Mama."

"Weye, ma fille, mwanangu? Weye Mutanzania, unasikiaka Swahili kupita siye bote. Alors, ulisikia nini?"

"Nilisikia umesema walikutosha. Walikutosha kuliko chama."

Mtu akacheka, na wengine wakacheka, na nilitamani sakafu inimeze. Maman Sifa peke yake hakucheka. Alinieleza polepole, kama anamlisha mgonjwa uji.

"Kutosha, ma fille, ni kufukuza. Banatosha muntu ku kazi sawa unatosha sahani ku meza. Na juu ya syndicat, c'est-à-dire, sababu ya syndicat. Nilitia jina yangu ku liste, nipate kusemea benzangu. Bakanitosha. Njo maneno nilisema."

Umeona, Baba? Kwetu kitu kikitosha mtu hushiba. Kwao ukitoshwa unajikuta nje mlangoni. Neno lilelile, herufi zilezile, na mimi nikamfanya mwanamke aliyefukuzwa kazi amshukuru aliyemfukuza.

Halafu akatoa barua ya mahakama mkobani, nikaelewa kwa nini hakucheka. Alikuwa amewashtaki waajiri kwenye mahakama ya kazi ili arudishwe. Waajiri wake wanadai walimpunguza kwa kuchelewa tu, kwamba habari za chama hazikuwamo, na wakili wao amekipata kile kipande cha mtandaoni. Amekipeleka mahakamani kama ushahidi: tazameni, mwenyewe anasema hakukitaka chama. Maman Sifa alikuwa ameipokea barua ile siku mbili nyuma na hakuelewa ni maneno gani hayo wanayoyasema. Sasa alikuwa ameyaona.

Jumatatu Bwana Didier aliniita. Alikuwa mpole. Kipande amekwisha kukiondoa, alisema, na mstari utarekebishwa kwenye filamu. Lakini nisiandike chochote kwa mahakama. Kampuni haiwezi kukiri kwa maandishi kwamba tafsiri zake ni za kubahatisha, wakati televisheni bado inafikiria kama itanunua. Kisha akanikumbusha kwamba mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwezi, naye ndiye anayeamua kuhusu mpya. Kibali changu cha kukaa kinafuata mkataba, hilo hakulisema, ila alijua ninalijua.

Nikamkimbilia Bi. Lorraine. Nilitaka anifiche nyuma ya gauni lake, kusema kweli. Aliniuliza jambo moja.

"Nilikupa siku ngapi?"

"Tatu."

"Kwa watu wanane?"

"Ndiyo."

Akakaa kitini, akavua miwani. "Miaka yote ile niliwafokea matajiri kwa jambo hilihili," alisema. "Hakuna aliyeniambia kwamba nami nimeshakuwa tajiri." Alisema ataiandikia mahakama barua yake: kwamba aliniharakisha, na kwamba kipande kilitoka kabla Maman Sifa mwenyewe hajakiona. "Ila ya kwako siwezi kukuandikia," aliniambia. "Wala mkataba siwezi kukuahidi, kampuni si yangu. Usiandike kwa kuniogopa mimi. Wala usinyamaze kwa kumwogopa yeye, kama unaweza."

Ningekuambia niliandika usiku uleule, ningekudanganya. Siku mbili nilijipikia sababu. Barua ya Bi. Lorraine itatosha (ona neno lilivyonifuata). Mimi ni nani. Siku ya pili, nikiosha vyombo, nilisema kwa sauti, peke yangu, "Si angesema Kiswahili!"

Hapo nikaiacha sahani. Sauti ilikuwa yako, Baba. Usinikasirikie. Unamkumbuka Mzee Bitangalo, yule fundi cherehani aliyetoka Uvira, kule Kongo? Kila alipokuja kuchukua vipimo ulimsahihisha: si bantu, ni watu, si kintu, ni kitu. Sisi watoto tulicheka nyuma ya pazia. Mwishowe akaacha kuja, nasi tukasema ana majivuno. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza yeye huliitaje jambo fulani. Mimi nimekuja huku na masikio yale yale, nikayafanyia kazi, na mtu mwingine ndiye aliyeumia.

Nikapanda basi kwenda Ixelles, kwa Maman Sifa. Alinifungulia, akanipa kiti, akanipa ugali na sombe, kisamvu kilekile, kabla sijafungua kinywa. Nikaomba radhi, nikalia kidogo. Akaniacha nimalize.

"Pardon yako nimeipokea," alisema. "Lakini pardon haisomeki ku tribunal, ma fille. Andika."

"Mama, nikiandika watanitosha na mimi."

Alicheka safari hiyo, akanipiga begani. "Sasa unasikia Swahili! Bon. Kula kwanza."

Niliandika pale pale mezani kwake. Ukurasa mmoja: neno lina maana gani kwetu, lina maana gani Kivu, nani alikosea. Nikatia sahihi.

Kesi ilisikilizwa Alhamisi. Kifaransa changu unakijua, kinachechemea kuliko goti lako, lakini nilikataa mkalimani. Hakimu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliniuliza kama kweli nilikosea au nimekuja kumsaidia rafiki. Nikamjibu kwamba sikuwa rafiki yake nilipokosea. Wakili wa waajiri akasimama, akauliza huku akitabasamu: Kiswahili si ndiyo lugha yako ya kuzaliwa, bibie? Iweje usilijue neno dogo kama hilo?

Nikasema, "Ni lugha yangu. Ni yake pia, na hapo alikuwa anasema yeye."

Bi. Lorraine alikuwa nyuma, mikono kifuani. Maman Sifa aliniangalia mara moja tu, akatikisa kichwa kwamba sawa. Hukumu itatoka mwezi ujao, na sijui itakuwaje. Wakili wa Maman Sifa anasema kile kipande sasa hakina nguvu.

Ijumaa Bwana Didier akaniambia hakuna mkataba mpya. Nilitegemea, lakini moyo ulishuka hata hivyo, sitakuficha. Mkataba ukikwisha, kibali kinanipa miezi minne tu. Jana tumekutana jikoni kwa Bi. Lorraine, wafasiri sita wa filamu: Mkurdi, Mreno, Msomali, wengine. Kumbe wote huharakishwa, na wote walidhani wako peke yao. Tumeandika majina yetu ili tuingie chama pamoja, na tudai muda wa kusikiliza na haki ya kumrudia mwenye maneno kabla hayajatoka. Bi. Lorraine alikataa kutuongoza. Alisema yeye ameshaongoza, akatukatia mkate. Basi wameniweka mimi katibu. Nimeanza kutafuta kazi nyingine, na sitarudi nyumbani kabla hukumu haijasomwa.

Nisalimie Mama sana, na umwambie niliyakuta majani ya mihogo ya kutosha huku, asinitumie. Shangazi wa Isevya, mwambie asali yake ilifika bila kumwagika. Asha, mkumbushe mtihani. Kaka Juma na mkewe na yule mtoto mpya ambaye bado sijampakata, wote salamu. Na kama Mzee Bitangalo yu hai bado, Baba, nakuomba uende kwake wewe mwenyewe. Goti litakuruhusu, ukichukua fimbo.

Najua utaulizwa msikitini kwa nini kazi ya binti yako imekwisha. Najua utataka kunisitiri. Utasema mkataba ulifika mwisho, na hata si uongo. Usiseme hivyo. Sema alimtia mwenzake neno kinywani, kisha akaenda mwenyewe kulitoa, mbele ya watu.

Ni mimi mwanao, mwanafunzi wako bado,

Zuhura