Maji ya Mfongo

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba salamu haiachwi kwa sababu mwenyewe amenyamaza. Nakuandikia nikiwa kwenye gari lako, kiti cha dereva, karatasi nimeiegemeza kwenye usukani. Kaburi lako naliona hapo mbele, kati ya migomba. Saruji imekauka. Kaka Amini alikuja kutoka Dar kusimamia ujenzi, na leo asubuhi ameondoka.

Nataka kukueleza kwa nini gari lilichemsha siku ile. Sina mwingine wa kumweleza, na ukifika mwisho utajua sababu.

Kifua kilipokubana, zahanati walisema upelekwe Moshi haraka. Jirani akaleta gari lake, jipya, linanguruma getini. Ukakataa. Ulisema hujawahi kupelekwa popote na gari la mtu, na hutaanza ukiwa mgonjwa. Mchungaji alisema kwenye mazishi kwamba ulikuwa mtu wa msimamo. Mimi moyoni nilisema, hapana, alikuwa mbishi. Bado nasema hivyo, na nina hasira na wewe, Baba, tena nyingi.

Tukakulaza kiti cha nyuma cha gari lako, Mzee wa Kanisa. Ndivyo Masama nzima ilivyoliita, kwa kuwa lilitoka Jumapili tu, lilikwenda polepole na halikumpita mtu. Mama akaleta ndoo ya maji, akarudi ndani kufunga nguo zako ili atufuate. Nikajaza rejeta mpaka mdomoni, nikafunga mfuniko. Tuliteremka salama mpaka Kwa Sadala. Tulipoingia lami nikakanyaga mafuta. Wewe hukuwahi kulikimbiza hivyo hata siku moja, lakini nilikuwa nakusikia unavyohema huko nyuma, ningefanyaje?

Kabla ya daraja la Weruweru mshale wa joto ulishafika kwenye nyekundu. Halafu mvuke ukaziba kioo. Nikazima, nikashuka, nikafungua boneti. Na wewe, mkono kifuani, ukawa bado fundi wa gari lako.

"Usifungue mfuniko, Ndeshi, utaungua. Acha lipoe kwanza."

Nikaacha lipoe. Nikasimama katikati ya barabara napunga kitenge, magari yananikwepa. Aliyesimama mwishowe alinisaidia kukubeba, lakini ulikuwa umeshaondoka. Wenzangu baba zao huwaachia baraka. Mimi nimeachiwa maelekezo ya rejeta.

Siku ya kuanua matanga, mbele ya baba wadogo na shangazi, Amini alisema gari lenye maji halichemshi. Mama akamjibu kwamba maji aliyachota mwenyewe, ndoo nzima. Basi, akasema kaka, kuna mtu hakukaza mfuniko. Jina langu hakulitaja, na hakukuwa na haja. Tangu siku hiyo nikiingia jikoni kwenye shughuli, mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua. Hilo ningelivumilia. Lililonimaliza ni kwamba nilianza kuamini. Nilikaza? Nilisikia ule mlio wa kushika? Nilikuwa na haraka, Baba, sikumbuki. Kuna siku nilifunga chupa ya chai, nikaifungua, nikaifunga tena, mpaka wateja pale dukani kwangu mjini wakanitazama.

Amini alitaka gari liuzwe chuma chakavu. Nikamwomba aniachie mpaka kaburi lijengwe. Nikalivuta mpaka kwa Rashidi, fundi wa Majengo, yule uliyekuwa unataniana naye kila mara kwa sababu ya yale maji ya rangi ya dukani, ya kupozea injini. Alikusihi miaka yote uyatumie. Ulimwambia hiyo ni juisi ya watoto, na maji ya bomba yana dawa inayokula chuma, na gari lako litakunywa unachokunywa wewe, maji ya mfongo, mfereji waliouchimba babu zetu unaopita nyuma ya jiko. "Maji ya mlima hayana kosa," ulikuwa unasema, na Rashidi anacheka, anaweka spana chini.

Tulianza na mfuniko. Mimi ndiye niliyetaka tuanze nao. Rashidi aliukagua mpira na springi, akaupima, akasema ni mzima kuliko mifuniko ya magari mapya. Lakini mfuniko mzima unaweza kufungwa vibaya, kwa hiyo sikupata usingizi. Tukakagua mipira ya maji, hakuna uliopasuka. Mkanda wa feni umekaza, feni inazunguka, pampu ya maji haivuji. Thamostati, ile ya kurekebisha joto la injini, hatukuikuta kabisa. Uliitoa mwenyewe zamani na kunifundisha kwamba ni mapambo. Silinda hedi, kichwa cha injini, nayo ilikuwa salama, kwa kuwa nilizima mapema. Tukaweka maji, tukaliwasha, likanguruma uwanjani mpaka Rashidi akamaliza kula. Halikuchemsha.

Hapo nilikata tamaa. Kama gari ni zima, basi ni mimi.

Rashidi akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Siku ile nilikuwa naendeshaje? Nikamwambia. Tukaingia barabara ya Arusha. Kwanza tulikwenda mwendo wako wa kanisani, mshale ukatulia. Kisha akaniambia nikimbize kama siku ile. Nilikimbiza, Baba, nikilia. Mshale ukaanza kupanda, na mfuniko safari hii alikuwa ameukaza Rashidi kwa mkono wake.

Tuliporudi gereji akanionyesha kupapasa rejeta. Juu inaunguza. Katikati na chini, baridi. Maji hayakuwa yanapita. Akaitoa, akaifungua juu kwa moto, na ndani tukakuta tope. Tope jekundu, laini, limeshindiliwa mpaka kwenye vijibomba, na vinyuzi vya migomba humo humo. Udongo wa kihamba chetu, shamba hili la nyumbani. Hukuwa ukijua, kwa sababu huku juu kuna baridi na mwendo wako ulikuwa wa taratibu, gari likakusitiri miaka yote.

"Dada, hili siyo kosa la siku moja," Rashidi alisema. "Hii ni miaka na miaka ya ndoo."

Nililia pale gereji, tope mkononi. Nilikuwa nafurahi. Nisamehe, Baba, nilifurahi kwa sababu haikuwa mimi. Nikalitia lile tope kwenye kopo la maziwa, nikapanda nalo mlimani siku ya kusimika msalaba, nimepanga maneno yote. Ningeliweka mezani mbele ya Amini na ukoo mzima.

Nilipofika nikamkuta Mama nyuma ya jiko, ameinama kwenye mfongo, na ile ndoo yake ya bluu. Alikuwa ameanza kuchota tangu aliposikia gari linaingia. Amekonda. Akanyanyuka, akashika kiuno, akanipa ndoo.

"Ya gari hayo," akasema. "Baba yako nilikuwa namchotea mwenyewe. Hakuna Jumapili hata moja niliyoliacha na kiu."

Alilisema kwa fahari. Ndilo jambo pekee analosema kwa fahari siku hizi.

Kopo lilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikausikia uzito wake. Nikapokea ndoo, nikamshukuru, na alipogeuka nikaimwaga kwenye shina la kahawa.

Baada ya ibada tulikaa kula mtori wa ndizi, na Amini, kama nilivyojua, akarudia habari ya mfuniko. Watu wakainamisha macho kwenye mabakuli yao. Mama akawa ananitazama.

"Ni kweli, kaka," nikasema. "Sikuukaza."

Mama akaacha upawa, akaja akaweka mkono mgongoni kwangu, mbele ya wote, akasema ilikuwa ajali na yeye amenisamehe tangu siku ile. Amenisamehe, Baba. Nilikunywa mtori wangu mpaka mwisho, na sikumbuki ladha yake.

Lile tope nimelimwaga hapa pembeni yako, chini ya mgomba. Ni udongo wenu, umerudi. Rejeta ni mpya na ina ile juisi ya watoto, nuna tu. Gari haliuzwi. Kila Jumapili nitapanda kumchukua Mama, nitampeleka kanisani kwa mwendo wako, nitapokea ndoo yake kwa mikono miwili, na kahawa ile itastawi kuliko zote. Amini aendelee kusema. Maneno yake nitayabeba mpaka Mama naye atakapolala hapo ubavuni kwako.

Pumzika, Baba. Nakuomba kitu kimoja tu. Akifika huko, nawe usimwambie.

Mwanao,
Ndeshi