Ruhusa ya Dada

9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi nimefika salama, ni uchovu tu. Masanduku yote mawili yamefika. Pasipoti ninayo kifuani, ndani ya kile kimfuko ulichonishonea, na ninalala nacho. Usicheke.

Chumba nilichopewa ni kidogo ila kina kitasa cha maana. Nakijaribu mara tatu kabla ya kutoka, halafu nikifika kona narudi kukijaribu tena. Karakana ya miwani iko ghorofa ya tano. Lifti ipo, lakini mimi na kisanduku kinachoning'inia kwenye kamba hatujuani, kwa hiyo napanda ngazi. Mia moja na nne, nimezihesabu. Nikifika juu sina hata sauti, na wenzangu wanadhani mimi ni mpole.

Kazi naipenda, dada. Kule nyumbani tulikuwa tunaletewa vioo vilivyokwisha kusagwa, sisi ni kuvitia kwenye fremu tu. Hapa kioo nakisaga mwenyewe, kutoka kipande kinene kama kisahani, mpaka mtu aweze kusoma herufi za mwisho pale ukutani. Mwalimu wetu ni mama mtu mzima, haongei, ukikosea anagonga meza. Mimi ameshanigongea mpaka nimezoea.

Miezi kumi ya mafunzo si mingi. Mwisho wa Novemba nipo nyumbani. Sasa niambie: ninunue koti zito, au nivumilie baridi mpaka iishe? Na mwenye nyumba anataka kunihamishia chumba cha upande wa barabarani. Nikubali? Nimemwambia asubiri barua yako.

Mdogo wako

1 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mguu ni ule ule, kazi yake kuuma. Mengine sijambo. Nashona sare za shule tangu kunakucha na mgongo umenipinda, lakini namshukuru Mungu.

Koti nunua, wewe mtoto! Ungekufa kwa baridi ukimngoja mtu wa posta? Chumba cha barabarani kataa. Kelele, vumbi, na kila mpita njia anajua umevaa nini. Na lifti umefanya vizuri kuiogopa.

Majirani wananiuliza kama umeshapata mchumba huko. Nimewaambia huyu wangu akimwona mwanamume, yeye anavuka barabara kumkwepa, na kabla hajavuka anaangalia kulia, kushoto, halafu kulia tena. Wamecheka mpaka wakashika mbavu.

Nyumba imekuwa kimya. Asubuhi nashtukia nimetoa vikombe viwili. Nimenunua kitambaa cha buluu, nakushonea mapazia ya chumba chako ukirudi ukute pamebadilika.

Usifanye jambo bila kuniuliza. Mimi niliolewa bila kumuuliza mtu, na yaliyonipata unayajua. Ulikuwa na miaka tisa ukanisaidia kubeba masufuria kurudi kwa mama.

Dada yako

17 Mei

Dada yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Mimi mzima. Wewe je, na mgongo?

Kaa chini kwanza. Nimepanda lifti.

Yupo fundi wa lifti wa jengo letu, anakuja kila siku kwa sababu mashine ni ya zamani na ina vituko. Alinikuta ghorofa ya tatu, viatu mkononi, nahema. Akaniambia kwa lugha yetu, maana aliwahi kufanya kazi kwetu miaka mitatu na anaivunjavunja kwelikweli: "Mama, mimi nalipwa ili watu wasipande ngazi. Wewe unanitia aibu." Tangu siku hiyo ananiita Bibi Ngazi.

Hakunicheka lakini. Alinipeleka juu kwenye chumba cha mitambo akanionyesha kamba. Ziko sita, dada, na moja peke yake ingetosha kubeba watu wote. Kisha tukaanza, ghorofa moja kwa siku. Siku ya kwanza nilifumba macho. Siku ya tano tulifika juu nikapiga ukelele, karakana nzima ikatoka kuangalia nani amekufa.

Amefiwa na mkewe, sasa ni mwaka wa saba. Hana mtoto. Anazeeka macho kama sisi sote, kwa hiyo nikamtengenezea miwani. Sasa kupima umbali kati ya mboni za macho unamsogelea mtu, rula puani, unamtazama jicho la kulia, halafu la kushoto. Nimepima mamia ya watu, kila mmoja mara moja tu. Yeye nilimpima mara nne. Mwalimu akagonga meza.

Siku hizi tunatembea pamoja jioni mpaka kwenye daraja na kurudi. Ni kutembea tu. Sijui nikwambieje, ila najisikia nikicheka, na kicheko chenyewe ni kikubwa, sikujua kama ninacho. Nimefika miaka arobaini na moja sijakisikia.

Unaonaje, niendelee kutembea naye?

Mdogo wako

4 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi nipo. Mguu umevimba kidogo, si kitu.

Huyo fundi, kama ana nafasi ya kufundisha watu kupanda lifti ghorofa kwa ghorofa, kazi anafanya saa ngapi? Mimi nauliza tu. Kutembea hakujamuua mtu, lakini tembea ukijua Novemba unarudi.

Mapazia yamekwisha. Nimeyatundika, yamependeza.

Dada yako

6 Julai

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute huna maumivu, kwa sababu nataka uisome kwa utulivu.

Ameniomba nimuoe. Eti ndivyo alivyosema, kwa lugha yake ile mbovu, na mimi nikacheka na kulia kwa pamoja pale darajani, watu wakitupita. Kampuni yake inamhamishia nchi nyingine, mbali zaidi na hapa. Anaondoka tarehe thelathini Agosti na anataka tuondoke wote. Huko pia kuna karakana za miwani, ameshaniulizia.

Dada, nampenda. Nimeliandika hilo neno na sikulifuta.

Nimemwambia siwezi kumjibu kabla sijapata ruhusa yako, maana wewe ndiye mama yangu tangu mama atutoke. Akaniuliza barua inachukua siku ngapi. Nikamwambia wiki mbili kwenda, wiki mbili kurudi. Akahesabu kwa vidole, akasema basi inawahi, atangoja. Ila aliniambia na hili: "Barua isipofika, njoo mwenyewe uniambie kwa mdomo wako. Hata kama ni hapana."

Nakuomba unijibu siku hiyo hiyo utakapoisoma. Ukisema ndiyo, nakwenda, na mwaka kesho tunakuja wote kukuamkia. Ukisema hapana, nitajua umeona jambo nisiloliona.

Mdogo wako

11 Agosti

Dada,

Shikamoo. Je, unaumwa? Niambie ukweli. Naulizia barua kila siku mpaka mtu wa posta akiniona ananyanyua mikono mitupu kabla sijafungua mdomo.

Roho iko juu. Yeye haulizi, ananitazama tu, na mimi kwa aibu nimerudi kupanda ngazi nisikutane naye. Neno moja linatosha, dada. Nimebakiwa na siku kumi na tisa.

Mdogo wako

2 Septemba

Dada,

Shikamoo. Sijui kama hii itakukuta hai au mgonjwa. Nimemwandikia na jirani yako kukuulizia.

Ameondoka. Tarehe thelathini alituma ujumbe kwa bawabu kwamba saa nane mchana atakuwa chini, mlangoni, na mizigo yake. Nilikuwa na kioo cha mteja kwenye mashine. Saa nane ikafika. Nikasema namaliza hiki kioo. Nikakisaga, dada, nikakisaga mpaka kikawa chembamba kama ganda la kitunguu kikapasuka mkononi. Mwalimu hakugonga meza. Alinifunga kitambaa kidoleni, akanionyesha mlango. Mimi nikakaa. Nilikuwa najiambia labda mtu wa posta hajapita bado.

Saa kumi na nusu nikashuka. Bawabu akasema alisimama pale kwa saa mbili, amekataa hata kiti. Alimwachia maneno ya kunipa: "Mwambie Bibi Ngazi lifti nimeikagua leo asubuhi, apande bila wasiwasi."

Nilikaa kwenye ngazi nikalia mpaka jengo likafungwa. Naandika haya sina wa kumwambia zaidi yako.

Mdogo wako

20 Septemba

Mdogo wangu, mwanangu,

Sitaanza na salamu, sistahili. Siumwi. Sikuwa naumwa.

Barua yako ya Julai ilinifikia tarehe ishirini na moja. Niliisoma nikalia kwa furaha, Mungu ni shahidi. Nikakujibu siku hiyo hiyo. Ndiyo hii nimeitia ndani ya bahasha, utaiona tarehe yake. Nimekwambia humo nenda, mwanangu, kacheke.

Nikaifunga bahasha nikabandika na stempu. Halafu nikaenda kuchukua shali chumbani kwako, nikayaona yale mapazia. Nikasema nitaipeleka kesho. Kesho nikasema mguu unauma. Nikaiweka kwenye droo ya cherehani, kila nikichukua uzi naiona, nikawa nauchukua uzi bila kuangalia.

Ya pili ilipofika, nikajua barua haiwahi tena. Nikaenda posta kupeleka telegramu. Nilipanga foleni. Mbele yangu walibaki watu wawili. Nikafikiria Novemba, nikafikiria kile kikombe cha pili, nikatoka kwenye foleni nikarudi nyumbani. Nilijiambia huyo mwanamume akikupenda kweli atangoja. Nilijiambia mengi.

Nilipoachwa na mume nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na mtu pekee aliyeninyamazisha ni wewe, na vidole vyako vidogo vyenye masizi ya masufuria. Sikutaka tena maishani kubaki peke yangu. Hilo si la kunitetea. Nimekuibia, na nakwambia kwa mkono wangu mwenyewe nisije nikasubiri ulijue kwa mwingine.

Nitukane ukitaka. Lakini rudi nyumbani.

Dada yako

12 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kidole kimepona. Natumaini mguu umepungua uvimbe.

Barua zako zote mbili nimezisoma. Ile ya Julai nimeisoma mara nyingi zaidi. Ni barua nzuri. Hujawahi kuniandikia maneno kama yale, na ningekuwa nimeipata, leo ningekuwa kwingine na mtu wangu. Nilikuwa na hasira siku nne, sikwenda kazini. Nilikuwa nakujibu kwa sauti chumbani peke yangu, maneno ambayo sitayaandika.

Yeye nimemwandikia. Kampuni yake walinipa anwani tangu wiki ile ya kwanza, na sikukuuliza. Jibu limefika juzi. Amesema hanilaumu. Amesema mkewe alichukuliwa na maradhi, hakuwa na la kufanya, lakini mimi alikuwa amesimama mlangoni ananingoja na nilikuwa ghorofa tano tu juu yake. Amesema hawezi kungoja tena, umri umekwenda. Ameniomba nisiandike. Sitaandika.

Sasa nikwambie linaloniumiza. Si ile droo. Wewe uliiba wiki sita, ni kweli, na nitakuchukia kwa hilo siku nyingine na siku nyingine nitasahau. Ila nimejiuliza hivi: barua yako ingefika mapema ikisema hapana, ningefanyaje? Ningetii, dada. Ningemwambia hapana mtu ninayempenda, nikarudi kulala nyuma ya mapazia ya buluu, nikakushukuru. Na aliniomba mdomo wangu tu. Mwanamke wa miaka arobaini na moja nimekaa na jibu mdomoni, namngoja mtu wa posta aniletee.

Kwa hiyo Novemba sirudi. Mwalimu amenipa kazi, nimekubali jana. Nimehamia chumba cha upande wa barabarani. Kina kelele, kama ulivyosema, na sijui kama nimefanya vizuri. Nakuarifu tu, sikuombi ruhusa.

Najua utalia, na najua nani atabaki na vikombe viwili. Nalia na mimi. Sijaacha kuwa mtoto wako.

Niandikie. Niambie habari za mguu, za majirani, nani kazaa, nani kahama. Nitazisoma zote na nitajibu. Ila dada, tafadhali, usiniambie la kufanya, hata nikikuuliza.

Mdogo wako