Saini ya Shemeji Pirbakhsh

Nyumbani kwa Bi Zarkhatun,
Mashhad.
9 Oktoba 2019

Mpendwa Dada Nazbibi,

Salamu nyingi zikufikie huko Maskati. Goti lako linaendeleaje? Wajukuu hawajambo? Sisi miili ni mizima, ila moyo wangu haujatulia. Najua barua ya kutoka Mashhad itakushtua, kwa hiyo nianzie mwanzo.

Mwanangu Mahganj alipata nafasi ya kusomea ukunga katika chuo kimoja hapa. Mtaani kwetu Saravan hakuna msichana aliyewahi kufika huko. Lakini Shemeji Pirbakhsh, aliye mlezi wetu tangu nifiwe na mume, akakataa katakata. "Binti wa Kibaluchi halali kwenye mji wa watu. Ukimpeleka, usirudi kwangu."

Nikampeleka.

Katika ofisi ya chuo karani alizitazama nguo zetu za tarizi, akasikia Kiajemi changu kinavyokwaruza, akacheka. "Mama, mmekuja kuuza mashuka?" Kisha akairudisha fomu: bila saini ya mlezi wa kiume, hakuna bweni. Nikamwambia huyu nimemzaa mimi.

"Kuzaa ni kuzaa, saini ni saini," akanijibu.

Basi nimepanga chumba kwa Bi Zarkhatun, mjane wa kwetu. Mimi natarizi, Mahganj anasoma. Wenzake humwiga anavyotamka maneno, wakamcheka. Wiki ya kwanza hakufungua mdomo darasani. Hata akiitwa jina alinyoosha mkono tu.

Jana asubuhi nilimsindikiza. Tukamkuta Pirbakhsh amesimama kwenye geti la chuo.

"Panda gari, twende nyumbani," akamwambia Mahganj. Wanafunzi wakasimama kutazama.

Mahganj akamjibu kwa Kibaluchi, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani: "Ami, mkeo alifia njiani na mtoto tumboni, kwa sababu kijijini kwenu hakukuwa na mkunga. Haya, nivute, watu wote hawa waone."

Nilidhani atampiga. Mkono aliuinua, ukabaki hewani, akaushusha. Kisha akageuka akaenda zake, bila kusaini, bila kuniaga. Mahganj akajifuta uso, akaingia darasani akiwa amechelewa dakika kumi.

Sijui kama Pirbakhsh atarudi kesho.

Nisalimie mumeo, Shemeji Muradbakhsh, na mwanao Sazin na wanawe. Mungu akutunze huko ugenini, nasi atufunike hapa tulipo.

Mdogo wako akupendaye daima,
Gohar