Ukurasa wa Thelathini na Moja

Kijiji cha Talovka,
Mkoa wa Saratov.
3 Oktoba 1948

Wifi yangu mpendwa Klavdia,

Pokea salamu zangu na za Nonna, nyingi kama majani yanayoanguka mlangoni kwetu siku hizi. U hali gani? Mgongo umepoa? Na Mama, miguu yake bado inavimba baridi ikianza? Mwambie asilale na soksi zilizolowa. Sisi tu wazima. Nonna alikohoa wiki mbili, nikamsugua mafuta ya bata bukini, na sasa anakula viazi kunishinda. Kabichi nimeshaitia chumvi, pipa zima, kwa hiyo baridi hii usituhofie.

Mtoto anarefuka. Nyusi ni za Venya kabisa, moja juu moja chini. Tarehe ishirini atatimiza miaka minne.

Chekechea hapendi kwenda, na simlaumu. Wenzake huitwa kwa majina ya baba zao. Kwenye cheti chake cha kuzaliwa, mahali pa baba pamepigwa kistari, kwa kuwa mimi na kaka yako hatukufika ofisi ya ndoa. Mlezi wao, Zinaida, akiita majina hufika kwake akasema, "Nonna binti Kistari," na watoto wanacheka. Juzi kaniuliza, "Mama, Kistari alikuwa rubani au dereva?" Nikamwambia rubani.

Ndiyo maana niliitafuta ile ndege. Wewe unajua yote, lakini naeleza tena, huenda utamsomea Mama, ambaye hajawahi kukubali kunisikiliza. Ilikuwa ndege ya kufundishia, mbao na kitambaa, viti viwili vya wazi, namba kumi na nne ubavuni. Nilisoma madarasa saba tu, lakini kuruka nilijua, na wanafunzi wa vita walipita mikononi mwangu, Venya mmoja wao. Januari ya arobaini na nne alipata amri ya kwenda mstari wa mbele. Ofisi ya ndoa ilikuwa kilomita arobaini, na theluji imeziba njia. Kapteni wetu akasema, "Basi nitawaoza mimi." Akaturuhusu kupaa sisi wawili tu, tukazunguka uwanja dakika kumi na mbili, na tuliposhuka akaandika kwenye daftari la ndege, ukurasa wa thelathini na moja: rubani Sedov pamoja na mkewe, Sedova. Akapiga muhuri. Tulicheka sana. Hatukujua kwamba ile ndiyo karatasi pekee tutakayokuwa nayo duniani.

Aprili Venya akaanguka. Kapteni naye akamfuata kaburini. Nilimwandikia Mama kwamba nina mimba, akanijibu mstari mmoja: "Mwanangu aliondoka kwangu bila mke, na kaburini kaingia bila mke." Bado ninayo barua hiyo. Sikuitunza kwa chuki, ni mwandiko wa bibi yake Nonna.

Sasa sheria inamruhusu hakimu kuthibitisha ndoa ya aliyekufa vitani, mradi kuwe na ushahidi. Daftari la ndege haliachani na ndege yake. Nikaandika barua kumi na moja, huku na huku. Wengine hawakujibu, mmoja alinijibu kwamba serikali haitunzi ndege kwa ajili ya wachumba. Mwezi Juni ndipo karani mmoja akaniandikia: namba kumi na nne ipo, inanyunyiza dawa ya wadudu mashambani Krutoyar. Usiku uleule nikakuandikia wewe. Wewe peke yako, wifi. Hata mama yangu mzazi sikumwambia.

Sikuweza kuondoka kabla ya mavuno kwisha. Septemba nikaomba ruhusa kwa mwenyekiti wa shamba letu la ushirika. Akanitazama, akasema mbele ya watu, "Wenzako baba za watoto wao wanawatafuta kwenye nyasi, wewe unamtafuta hewani?" Wakacheka mpaka wakapaliwa. Lakini ruhusa alinipa, nikapanda lori la nafaka.

Niliitambua kwa mbali, Klavdia. Walishaipaka rangi, lakini ilivyoegemea gurudumu la kushoto ni vilevile. Kiti cha nyuma, alichokalia Venya, wameking'oa wakaweka pipa la dawa. Inanuka vibaya. Nikapanda kiti cha mbele nikakamata usukani, nikakaa kidogo. Rubani wao, kijana wa juzi tu, akapiga kelele, "Shangazi, shuka, hiyo si benchi ya bustani." Nikamwambia nimewafundisha wakubwa zake. Akasema, "Ndiyo maana wote wamekufa."

Nikashuka.

Fundi wao ni mzee mmoja, Pakhom, ana kibyongo na mdomo mchafu, lakini si mtu mbaya. Nikamweleza nitakacho. Akavuta tumbaku kwanza.

"Umechelewa, binti. Ukurasa huo una mwenyewe, kaja Julai kauchukua."

"Nani?"

"Dada wa marehemu. Kaja na chupa mbili na machozi. Machozi sikuyataka, chupa nikapokea."

Nikamwambia, labda umesahau, mzee, labda ni daftari jingine. Akakasirika. "Mimi ni mlevi, si mjinga. Karatasi ya serikali haitoki hapa bila sahihi, mkaguzi atanila mzima mzima. Tazama mwenyewe."

Nikatazama. Ukurasa wa thelathini, kisha wa thelathini na mbili. Katikati, ukingo umekatwa vizuri kwa wembe, na pembeni kwa wino wa zambarau: "Ukurasa wa 31 nimepokea. K. Sedova." Ile K yako yenye mkia mrefu, wifi. Nimeisoma kwenye barua zako miaka minne, haikuweza kunipotea. Nikakaa chini kwenye mafuta na vumbi la dawa, na Mzee Pakhom akaniletea maji kwenye kifuniko cha chupa yake.

Nimerudia barua hii mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza nilikutukana. Hii sikutukani. Mama amezika mwana mmoja, labda aliona akinikubali mimi atamzika mara ya pili. Labda alikutuma, nawe huwezi kumkatalia. Nimejiambia hivyo njia nzima ya kurudi, na naendelea kujiambia. Ila ulisafiri siku tatu kutoka Kazan, na Agosti ukaniandikia, "Usikate tamaa, Ustya, endelea kuitafuta." Hapo ndipo najitahidi sana kukuelewa.

Jumatatu nilikwenda kwa hakimu wa wilaya. Ni mwanamke, mjane naye. Mzee Pakhom kaandika ushahidi wake na daftari limeshaletwa mahakamani. Hakimu akaisoma sahihi yako, akasema, "Kama ukurasa hauna kitu, mbona mtu katoka Kazan kuufuata?" Akataka kukuita mara moja. Wito ungeletwa kazini kwako, na ungeulizwa mbele ya watu. Nikamwomba anipe mpaka tarehe moja Novemba nikuandikie kwanza, kwa kuwa wewe ni wifi yangu. Kakubali, lakini siku moja zaidi haongezi.

Basi nitumie ukurasa huo, kwa posta ya rejista. Sitauliza neno, wala Nonna hatajua kamwe. Na kama uliuchoma, niandikie tu hivyo: niliuchoma, na ulikuwa umeandikwa nini. Hakimu anasema kwa mkono wako hata hilo litatosha.

Naamini utaandika. Nimeshamwambia Zinaida kwamba mwezi ujao atajifunza kumwita mtoto Nonna Veniaminovna, binti wa Venya. Kasema, "Tutaona." Nami nikasema tutaona.

Msalimie Mama, mbusu mikono kwa niaba ya mjukuu wake. Msalimie jirani yenu Fyokla, na Yemelyan ambaye Venya alimpenda sana. Mungu awape baridi ya upole, na kuni za kutosha, na akupe wewe moyo mwepesi unapokamata kalamu.

Ni mimi nikupendaye, mke wa kaka yako,

Ustinya